Sakafu ya Nyumba Namba Saba

Mzee Ramani huinama kila anapoingia mlangoni. Awe anaingia posta, hospitali, au ukumbi ambao mlango wake ungepitisha lori lililosheheni nyasi, yeye hukunja shingo, hushusha bega la kulia, ndipo apite. Watu wa mjini walishamzoea. Wengine walisema ni adabu, wengine wakasema ni mgongo. Dada yake mdogo, fundi cherehani, alisema ni maringo ya mtu mrefu anayetaka kila mtu akumbuke kwamba yeye ni mrefu. Wote walikuwa wamekosea, isipokuwa mkewe. Lakini tusiharakishe, mkewe atafika.

Jina la Ramani lilimwangukia uzeeni, mwaka jana, walipokuja wale wachimbaji wa mambo ya kale. Juu ya kilima, nyuma ya mji, kulikuwa na kijiji cha wakulima kilichohamwa miaka hamsini na minane iliyopita, chemchemi ilipokauka na watu wakashuka barabarani. Kilichobaki kilikuwa matuta ya udongo wa kuta zilizolala, mawe ya kusagia, vigae vya vyungu na magugu ya kutosha kuficha tembo. Kiongozi wa wachimbaji, mwanamke ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumpa mtu hata kidonge kimoja, aliulizia kama kuna aliye hai aliyewahi kuishi kule. Akaelekezwa kwa mzee wetu, ambaye siku ya kuhama alikuwa na miaka kumi na minne.

Mzee alipanda kilima na fimbo yake, akawa anainyoosha huku na kule bila kusita. Hapa kwa mhunzi. Hapa kwa mjane mwenye mdomo. Hapa ndipo tulipopuria nafaka. Alipofika kwenye tuta kubwa kuliko yote, lenye vyumba vinne na maghala mawili, alisimama, akavuta pumzi kifua kikajaa.

"Na hapa ndipo kwetu," alisema.

Daktari aliandika: Nyumba Namba Nne. Kisha akauliza habari za katuta kadogo kaliko nyuma yake, chumba kimoja tu. Mzee hakukaangalia sana.

"Lile banda la mbuzi."

Daktari akaandika: Namba Saba, banda la mbuzi. Na kilichoandikwa kwa wino, ndugu zangu, kukifuta ni kazi.

Sasa yule dada. Kaka yake humwita Mashoto anapotaka kumchokoza, na hapa tutamwita hivyo hivyo, maana mwenyewe hachukii. Alikuwa na miaka saba siku ya kuhama. Mama yao alifariki kabla mwaka haujaisha, na hakuacha picha hata moja. Shangazi zao waliomlea walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ajifunze kutumia wa kulia, na kila siku walimuuliza swali lile lile: "Hilo shoto umelitoa wapi? Kwetu halipo." Mkono wa kulia ulijifunza kula na kusalimia. Kazi zote za maana, kuanzia kukata kitambaa mpaka kutunga uzi kwenye sindano, ziliendelea kufanywa na ule mwingine, na ndio uliomjengea nyumba na kumsomeshea watoto watatu.

Kutoka kijijini alikuwa amebaki na kumbukumbu moja tu. Chumba chenye mwanga hafifu, harufu ya udongo mbichi, na mama yake amepiga magoti akisiriba sakafu, anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na mkono unaochora yale mapindi kwenye udongo ni wa kushoto. "Rudi nyuma, usikanyage." Basi. Ni sauti hiyo na mkono huo, hana kingine cha mama.

"Umeota," kaka yake alikuwa akimwambia, tena si mara moja. "Nyumba ya vyumba vinne, mama asiribe mwenyewe? Kulikuwa na watu wa kazi hiyo. Na mama hakuwa na shoto. Mimi nilikuwa mkubwa, najua."

Mtu akiambiwa hivyo kwa miaka arobaini na ushei, mwishowe huanza kuitilia shaka hata pua yake mwenyewe. Mashoto aliacha kubisha. Kumbukumbu ile aliiweka mahali, kama mtu anavyoweka kitambaa kizuri asichojua atakishonea nini.

Mwaka huu Daktari alihitaji mifuko mia mbili ya kuwekea udongo, yenye kijimfuko cha kutia lebo, na maturubai ya kivuli. Mashoto akabebesha cherehani yake mpaka kilimani, akaiweka chini ya turubai la kwanza alilolishona mwenyewe, na wiki ya kwanza ikapita kwa furaha na vumbi. Wachimbaji walimpenda kwa sababu alikuwa na maneno. Alimwambia mmoja wao, aliyekuwa akichekecha udongo tangu asubuhi bila kupata kitu, kwamba hata yeye ameshawahi kutafuta mume kwa njia hiyo.

Jumatatu ya wiki ya pili Daktari alimjia na daftari lake.

"Fundi, nipimie turubai la Namba Saba. La muda tu. Alhamisi tunaikata ile sakafu, tushuke chini tuone kama kuna makazi ya zamani zaidi. Nimechagua pale kwa kuwa banda la mbuzi halina wa kulililia."

Mashoto akachukua tepu yake, akaenda. Wachimbaji walikuwa wamemaliza kuondoa udongo wa ukuta ulioanguka, ule uliokuwa umeifunika sakafu kama blanketi miaka yote hiyo, na mmoja alikuwa akipitisha brashi mara ya mwisho. Jua la asubuhi liliingia kwa ubavu. Sakafu yote, kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, ilikuwa imejaa mapindi ya vidole vinne, pindi juu ya pindi, safu baada ya safu.

Alipima upande mmoja wa chumba, akaandika namba, halafu akagundua kwamba ameandika namba ya kitu kingine kabisa. Akarudia. Mara ya pili tepu ilimponyoka. Akapiga magoti pale kizingitini, nje kidogo, akanyoosha mkono wa kushoto hewani juu ya pindi la karibu, akaufuata mchoro bila kugusa. Mkono ulikwenda wenyewe. Akajaribu wa kulia, ukakataa kama punda.

Alisimama, akaenda mbio Namba Nne, ambako nako kipande cha sakafu kilikuwa kimefunuliwa. Mapindi ya huko yalilalia upande mmoja, na kila mwisho wa pindi, mahali mkono ulipoinuka, udongo ulikuwa umeacha kijitutuko, kinundu kidogo, upande wa kulia. Kwa mhunzi vilevile. Kwa mjane mwenye mdomo vilevile. Akarudi Namba Saba. Vijitutuko vyote vilikuwa kushoto.

"Daktari," alisema, "mbuzi gani hawa waliosiribiwa sakafu?"

Daktari alikubali kwamba hata yeye alijiuliza. Mashoto akamwonyesha vijitutuko, akamzungusha nyumba zote nne zilizofunuliwa, akamwambia habari za mama. Daktari alikuwa mtu wa haki. Alipiga magoti, akaangalia kwa lenzi, akaandika kurasa mbili.

"Inawezekana ni sakafu ya mtu wa shoto," alisema. "Lakini wa shoto yupi? Kaka yako ndiye shahidi wangu, na amesema ni banda. Nina muda mpaka wiki ijayo. Nikihamisha shimo, lazima niandike sababu kwenye ripoti, na 'fundi cherehani amelia' si sababu."

"Sijalia."

"Unalia, Mama."

Mashoto akajifuta kwa mfuko wa udongo namba mia na kumi na mbili, akaenda kwa kaka yake jioni ile ile.

Alimkuta barazani. Wifi yake, mke wa mzee, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Mashoto hakupaka neno sukari.

"Kaka, ile Namba Saba si banda. Ina sakafu ya mama. Alhamisi wanaikata."

"Ni banda la mbuzi," mzee alisema.

"Mbuzi walikuwa wangapi, Mzee?" aliuliza wifi, macho kwenye maharage.

"Wengi. Kama kumi na wawili."

"Mwezi uliopita walikuwa sita. Wamezaa."

Mzee alijitia kukohoa. Mashoto akaketi mbele yake, karibu, magoti yakagusana.

"Kaka, mimi sitaki nyumba kubwa wala ndogo. Nataka kujua tu kama yule niliyemwona ni mama au niliota. Wewe ndiye uliyebaki duniani wa kuniambia. Alhamisi wakishakata, hakutakuwa na mtu wala kitu cha kuniambia."

Mzee aliitazama fimbo yake kama ndiyo iliyoulizwa. Kisha akasimama, akasema ana usingizi, saa kumi na mbili na nusu ya jioni, akainama, akaingia ndani.

Hasira ilimshika Mashoto, tusifiche. Alifika mpaka getini akiwa anahema. Wifi yake akamfuata, akamshika mkono, ule wa kushoto.

"Usibishane naye, wifi. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ya huyu imerefuka kwa sababu hakuna aliyemwekea kizuizi. Mimi nitampandisha keshokutwa. Wewe mwache tu aingie kwenye hizo nyumba zenu."

"Aingie ipi?"

"Zote mbili. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni mtihani, lakini jaribu."

Jumatano Daktari alileta jambo ambalo kilima kile hakikuwa kimeliona tangu kihamwe. Alikanda udongo kwa maji na majani makavu, akaupaka kwenye mbao kumi, akaamuru kila mchimbaji apige magoti na kusiriba kwa kurudi kinyumenyume. Alitaka kuona kwa macho yake kama mkono huacha alama yake. Wanaume wenye digrii walipiga magoti. Msimamizi wa vipimo, kijana mtanashati asiyependa uchafu, alianzia upande usio wake akajikuta magoti yake yamezama kwenye udongo alioupaka mwenyewe.

"Ndiyo maana huanziwa ndani," Mashoto alimwambia. "Ukianzia mlangoni unalala huko huko mpaka ikauke."

Vicheko vilisikika mpaka barabarani. Watu tisa wa mkono wa kulia waliacha vijitutuko tisa vya kulia. Kisha Mashoto akapandisha mikono ya gauni, akapiga magoti kwenye ubao wa kumi. Hakuwahi kusiriba kitu tangu utotoni, ila udongo ulimtambua. Pindi, pindi, pindi. Alipoinuka, Daktari aliubeba ubao ule mwenyewe mpaka kizingitini mwa Namba Saba, akauweka kando ya sakafu. Hakuna aliyehitaji lenzi.

Wakati huo ndipo Mzee Ramani alipofika na mkewe, amevaa koti lake la harusi za watu. Alitazama mbao, akatazama sakafu, akatazama pembeni.

"Watu wa shoto walikuwa wengi kule juu," alisema.

"Nani na nani, Mzee?" Daktari alikuwa tayari na kalamu.

"Majina yamenitoka."

Hapo mkewe akajipangusa jasho kwa upande wa kanga na kusema kwa sauti ya mtu anayeomba maji tu, "Mzee, miaka arobaini na mitano ya ndoa sijawahi kukaribishwa kwenu. Hebu nionyeshe ulipokuwa unalala."

Mzee akafurahi kubadilishiwa mazungumzo. Akaongoza msafara mpaka Namba Nne, akakanyaga kizingiti, akaingia wima, kifua mbele, kama askari kwenye gwaride. Akaonyesha vyumba. Hapa baba. Hapa wageni. Hapa mimi. Alitoka vilevile, wima.

"Pazuri sana," mkewe alisema. "Na hao mbuzi nao walilala wapi?"

"Pale nyuma," mzee alijibu, na kwa kuwa alikuwa amechangamka, akakata njia kuelekea Namba Saba, watu wote nyuma yake. Msimamizi wa vipimo alikuwa ameshaweka mbao za kukanyagia ili sakafu isiguswe. Mlango haukuwepo. Nguzo hazikuwepo. Juu ya kizingiti kile hapakuwa na kitu ila anga na wingu moja dogo. Mzee aliinua mguu, akakunja shingo, akashusha bega la kulia, akapita.

Mashoto alifungua mdomo, akamwona wifi yake, akaufunga, na huo ndio ushujaa mkubwa kuliko wote uliofanyika siku ile.

Mzee alikuwa amesimama ndani, kichwa bado kimeinama. Taratibu akatazama juu, akaona wingu. Akageuka kuangalia pale alipopita.

"Mtu aliyekulia kwenye nyumba kubwa hainami posta," mkewe alisema kwa upole. "Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Nilingoja uniambie mwenyewe, ukanichosha."

"Na bega, Mzee?" Daktari aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa nini unashusha bega la kulia?"

Mzee alijibu bila kufikiri, maana mwili ulishasema, ulimi ungefanya nini. "Nguzo ya kulia ilikuwa imelegea. Ukiigusa, unamwagikiwa na mchanga kichwani, na mama anakufokea kwa kumchafulia sakafu. Baba aliipiga kabari za mawe matatu, haikusaidia."

Daktari alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma kwa sauti: "Namba Saba. Shimo la nguzo, upande wa kulia wa mlango. Kabari za mawe, matatu." Akalifunga. "Hili sijamwambia mtu yeyote. Hii ni sababu. Hii naiandika."

Mzee aliketi kwenye ubao wa kukanyagia, koti lake zuri likagusa vumbi, na akaanza kucheka kidogo kidogo, kama mtu aliyetua mzigo ambao alishasahau kwamba ameubeba.

"Nilianza kwa wakwe," alisema. "Walikuwa na nyumba ya bati. Nikasema sisi tulikuwa na vyumba vinne. Nikadhani nitasema mara moja tu." Akamtazama mkewe, kisha dada yake, na kicheko kikaisha. "Nyumba ikishakuwa kubwa, mama hawezi kuwa anasiriba. Kwa hiyo nikakuambia umeota. Nisamehe, mdogo wangu. Alikuwa na shoto. Nje alitumia wa kulia, kwa ajili ya midomo ya watu. Ndani, akisharudisha mlango, alitumia wa kwake. Mimi ndiye niliyekuwa namletea maji."

Mashoto aliugeuza mkono wake wa kushoto, akautazama. Miaka hamsini na minane alikuwa ameuchukua mkono ule kama kitu kilichookotwa njiani.

"Na pale," mzee aliendelea, akinyoosha fimbo kwenye ukanda mwembamba kando ya mlango, "unapaonaje?"

Alikuwa ameshapaona. Mapindi ya pale yalikuwa mafupi, yamebanana. Alidhani mama alikosa nafasi ya kuuzungusha mkono.

"Pale si mama. Ni wewe. Ulilia ukitaka kusiriba, akakuachia upana wa kiganja. Ulipomaliza ulituita wote tuje tuone, ukatukataza kuingia mpaka kesho yake. Baba alilala nje."

Mashoto alipiga magoti pale pale kizingitini. Mapindi yalikuwa ya vidole vinne vyembamba, yamepinda ovyo, mengine yamepanda juu ya mengine kama watoto kitandani. Na kila moja, kila moja, lilikuwa na kijitutuko chake upande wa kushoto. Pale moja lilipokwenda kombo kabisa, kiganja kikubwa kilikuwa kimepita juu yake mara moja na kulisawazisha, kwa mkono ule ule. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Huyu alikuwa ameutazama mkono. Alilia kwa sauti, kisha akacheka kwa sauti, na wifi yake akaketi kando yake akamshikilia, wakawa wanatikisika pamoja hata ikawa vigumu kujua nani analia na nani anacheka.

Shimo lilihamishwa. Daktari alimuuliza mzee Namba Nne ilikuwa ya nani hasa.

"Ya mwenye ng'ombe," mzee alisema. "Mkali sana. Alitufukuza mimi na wenzangu kwenye ghala lake mara nyingi."

"Basi nikate huko?"

"Kata," alisema mzee, kwa raha. "Kata katikati."

Halafu Daktari akaikwangua lebo ya zamani ya Namba Saba, akatoa mpya. "Niandike nyumba ya nani?"

Mzee alifungua mdomo, akafikiri, akamwachia dada yake. Mashoto alitaja jina la mama yao, ambalo lilikuwa halijatamkwa kilimani pale kwa muda mrefu, na kaka yake akaongeza, "Andika na kwamba alikuwa na shoto." Daktari akaandika vyote viwili kwa wino.

Alhamisi, wakati wengine wakikata sebule ya mwenye ng'ombe, Mashoto aliketi kwenye cherehani akishona turubai la Namba Saba. Hakushona la muda. Alilipiga mishono miwili kila upande, akatia matundu ya kamba kila hatua moja, turubai la kukaa miaka. Msimamizi wa vipimo, ambaye kucha zake zilikuwa bado na udongo, alisimama akimwangalia akikata pembe kwa mkasi wake.

"Fundi," aliuliza, "hilo shoto umelitoa wapi?"

Mashoto alielekeza ncha ya mkasi kule kwenye chumba kimoja kisicho na mlango.

"Pale," alisema, akaendelea kukata.